Karani Aliyefungwa Mdomo

Kila alfajiri Alaso alianzia kazi zizini. Mama yake alichuchumaa kukamua, naye Alaso alimshika ndama kando, maana ndama wa kwao hawakuwa na adabu ya kungoja zamu. Maziwa yakishaingia kibuyuni, alifagia zizi, akachota maji, akanywa uji wa wimbi, akaosha miguu hadi pale ambapo macho ya mwalimu yangefika, kisha akashika njia ya shule. Kutoka uwanjani kwao, pale Malaba, aliiona reli vizuri. Gari la moshi likipiga kelele kuelekea Uganda, naye alilijibu kwa kelele zake. Halikuwahi kumshinda.

Alikuwa darasa la tano, umri ambao mtu anajua kila kitu isipokuwa yale anayopaswa kuuliza.

Kazi moja, hata hivyo, aliijua kwelikweli, na hakuna aliyemnyima sifa yake. Ndama akifika wakati wa kuachishwa kunyonya, Alaso ndiye aliyemfumia kikapu cha mdomo. Alisokota kamba za katani, akafuma kikapu kidogo chenye matundu ya kupumulia, akakizungushia miiba kwa nje. Ndama akivikwa kikapu hicho na kwenda kunyonya, miiba ilimchoma mama yake, na mama yake akampiga teke. Baada ya mateke machache ndama alikumbuka kuwa kuna nyasi duniani. Nyanya yake, Atyang, ambaye Alaso alimwita Tata kama Wateso wamwitavyo nyanya, ndiye aliyemfundisha. Majirani walikuja kuviomba vikapu hivyo, na Alaso alipokuwa akivitoa alitembea polepole ili aonekane.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Nerima. Baba yake Nerima, mzee Zephaniah Okwara, alitoka Funyula na alikuwa mshika bendera pale stesheni ya Malaba. Nerima alizaliwa wa mwisho katika nyumba yenye wasichana wengi. Gauni lake lilikuwa limevaliwa na dada zake wote kabla halijamfikia. Hata kitanda chake kilikuwa na shimo lililochimbwa na mgongo wa mwingine. Kitu kimoja tu kilimfikia yeye kwanza. Kilikuwa sungura.

Sungura huyo alikuwa mweusi, mwenye alama nyeupe shingoni mfano wa kola ya shati. Pua yake haikutulia. Ilikunjwa na kukunjuliwa mchana kutwa, utadhani mtu amemletea karatasi zenye makosa. Ndiyo sababu Nerima alimwita Karani.

Basi mwaka mmoja, Uhuru ukiwa bado mchanga, mzee Zephaniah akahamishiwa Tororo, ng'ambo ya mpaka. Nyumba ya kazi haikuwa tayari, kwa hiyo familia ingekaa kwanza kwa mjomba ambaye alikuwa na mbwa wawili wa kuwinda. Nerima alifikiria mbwa, akamfikiria Karani, akalia. Halafu akaenda kwa Alaso na sanduku la mbao mikononi.

"Mtunze mpaka tupate nyumba," alisema. "Nitakuja kumchukua mimi mwenyewe."

"Lete," Alaso alisema.

"Majani yenye umande usimpe. Yaanike kwanza maji yakauke."

"Najua."

"Maji yake badilisha kila siku. Na usimbebe kwa masikio."

"Najua."

"Halafu alfajiri, kabla jua halijatoka, utamwona anainama, anafanya kitu. Usishtuke. Ile ni—"

"Nerima!" Alaso alicheka. "Mimi nimelea ndama kabla hujajua ng'ombe ana pembe ngapi. Mnyama mwenye ukubwa wa kiatu ndiye atanishinda?"

"Ni jambo la maana, Alaso. Hebu nimalize."

"Utamaliza ukirudi."

Kule stesheni kengele ikagongwa. Mama yake Nerima alikuwa akiita kwa ile sauti ambayo mtoto yeyote anaijua: ya kuita mara ya mwisho. Nerima akambusu Karani kati ya masikio, akakimbia huku akigeuka nyuma. Alaso alimpungia mkono, na sanduku likiwa kichwani pake, akaenda nyumbani akitembea polepole ili aonekane.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Karani alipewa kizimba cha mbao chini ya ukingo wa ghala la mtama, mbali na kuku wenye wivu. Alaso alimletea majani ya viazi vitamu yaliyokauka umande. Alipotoka zizini, vidole vyake vilikuwa na chumvichumvi ya jasho na maziwa, na Karani aliviramba kimoja baada ya kingine kwa ulimi mdogo wenye joto. Baadaye alianza kuweka kidevu chake juu ya mguu wa Alaso na kutulia hapo. Hakuna ndama aliyewahi kumfanyia hivyo.

Kulikuwa na mambo yake mengine ya ajabu. Akisikia mwewe, alipiga sakafu kwa mguu wa nyuma, pu! Alisugua kidevu kwenye kila pembe ya kizimba kama mtu anayepiga mhuri. Alaso alicheka tu, akasema, "Karani yuko kazini."

Kisha asubuhi moja kukiwa bado na giza la umande, Okiror, kijana wa jirani ambaye alisoma darasa moja na Alaso, alikuja kuomba kaa la moto. Moto wa kwao ulikuwa umezimika. Alipita karibu na kizimba, akasimama, akainama, akaangua kicheko ambacho kiliamsha kuku wote.

"Alaso! Njoo uone! Karani anakula mavi yake!"

Alaso alikuja mbio. Ilikuwa kweli. Karani alikuwa amejikunja, kichwa kimeingia kati ya miguu ya nyuma, akichukua kitu kwa mdomo pale pale kilipotoka, kisha akakaa wima akitafuna kwa heshima zote, pua ikifanya kazi kama kawaida.

"Labda anajikuna," Alaso alisema.

"Anajikuna kwa meno na kumeza?" Okiror aliuliza. Aliondoka na kaa lake la moto, na maneno yake yalifika shuleni kabla ya Alaso.

"Alaso, leo Karani amekunywa chai na nini?" mmoja aliuliza langoni.

"Msimguse mkono," mwingine akasema, "anamlisha yule!"

Alaso alikaa kwenye dawati, pale ambapo nafasi ya Nerima ilikuwa tupu, masikio yakimwaka. Siku hiyo Mwalimu Perez alifundisha afya. Alichora mnyoo ubaoni, mrefu kuliko ilivyohitajika, akaeleza jinsi uchafu unavyoingia mdomoni na magonjwa yanavyofuata. Alaso alinyosha mkono.

"Mwalimu, kama kuna... kama kuna mwenye kula kinyesi, afanyiwe nini?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu Perez akagonga meza.

"Azuiwe mara moja, na sehemu anayolala isafishwe kila siku. Kisha apelekwe zahanati. Ni mtoto wa nani huyo, Alaso?"

Hapo ndipo Alaso angeweza kusema, "Si mtoto, mwalimu, ni sungura." Maneno yenyewe yalikuwa machache. Lakini aliona mabega ya Okiror yakitikisika kwa kicheko, akasema, "Nimeuliza tu, mwalimu," akaketi.

Jioni hiyo alisokota kamba za katani.

Alifuma kikapu kidogo kuliko vyote alivyowahi kufuma. Hakukiwekea miiba, maana alimpenda Karani. Alizungusha kitambaa laini ukingoni kisimkwaruze, akaacha matundu ya kupumulia, akakifunga kwa kamba nyuma ya masikio. Karani alikikwangua kwa miguu ya mbele, akakivua. Alaso akafunga upya, vizuri zaidi. Mara hii hakikutoka.

Tata Atyang alikigeuzageuza kichwa cha Karani, akatazama mafundo. "Mkono huu ni wangu kabisa," alisema kwa furaha. "Ningejua dawa hii inafaa makarani ningewafumia na majirani."

Tangu siku hiyo, Karani alivikwa kikapu kila jioni na kuvuliwa jua likishapanda, Alaso akitoka zizini. Mchana alikula vizuri. Okiror alipokuja tena kuchungulia alfajiri, alimkuta Karani amekaa na mdomo wake kikapuni, akaondoka bila hadithi ya kupeleka shuleni. Alaso aliona ameshinda.

Lakini asubuhi alianza kukuta kitu kipya sakafuni. Hazikuwa zile punje kavu za kawaida zilizofanana na mbegu. Vilikuwa vifundo laini vyenye kung'aa, vimeshikana, vimekanyagwa na kusambaa. Vilinuka.

"Tumbo linamwenda," alisema. "Ni ule uchafu aliokula zamani."

Basi akapunguza majani mabichi, akampa mahindi makavu. Vifundo vikaendelea. Tata akachuma majani machungu anayowapa watoto wenye tumbo, akayaponda, wakamnywesha Karani kwa nguvu. Vifundo vikaendelea. Alaso akafagia mara mbili, akamwaga majivu, akakaza kamba ya kikapu. Kila alipokosea, alikosea kwa bidii.

Karani alikonda. Mwanzoni ulioona ni mkono tu: Alaso alipompapasa aliuhisi uti wa mgongo kama shanga zilizotungwa. Kisha hata macho yakaona. Manyoya yalisimama ovyo, ile kola nyeupe ikawa ya kijivu. Mwewe alipita juu na mguu haukupiga sakafu. Na vidole vya Alaso vilipoingia kizimbani vikiwa na harufu ya maziwa, Karani aligeuza uso akaubana pembeni, kwenye kona ya mbao. Vidole hivyo vilikuwa pia na harufu ya katani.

"Ni ugonjwa unaomfanya hivyo," Alaso alijiambia.

Mshika bendera mpya wa stesheni alikuwa mtu mwema. Siku moja alimkuta Alaso kisimani, akamwambia, "Wewe si rafiki ya binti wa mzee Zephaniah? Kesho nakwenda Tororo. Una neno la kumpelekea?"

Alaso aliutua mtungi. Neno alikuwa nalo, tena lilikuwa refu. Lilianza na, Nerima, ulitaka kuniambia nini siku ile? Alilifungulia kinywa, akakumbuka alivyocheka, akakumbuka ndama na pembe za ng'ombe.

"Mwambie Karani ni mzima," alisema.

Likizo ya Agosti ikaingia. Asubuhi moja gari la moshi la mizigo lilitoka Tororo mapema, na kwenye behewa la nyuma, kwa ruhusa ya wenzake, alikuwamo mzee Zephaniah pamoja na Nerima. Nyumba ilikuwa imepatikana. Nerima alibeba kikapu kipya chenye mfuniko, ndani ametandika nyasi. Hakungoja baba yake. Alikimbia njia yote kutoka stesheni, akaingia uwanjani kwa akina Alaso jua likiwa bado halijatoka, moja kwa moja kwenye kizimba.

Alaso alikuwa zizini, ameshika ndama. Alisikia jina lake likiitwa kwa sauti ambayo hakuijua.

Alipofika, Nerima alikuwa amepiga magoti. Ndani ya kizimba Karani alikuwa amejikunja, akijaribu kuingiza kichwa kati ya miguu yake. Kikapu kikagonga tumbo. Akajaribu tena. Kikapu kikagonga tena. Kisha akaacha, akakaa tu, huku kifundo laini kikibaki sakafuni karibu na mguu wake.

"Nani amemfunga mdomo?" Nerima aliuliza.

"Ni mimi. Alikuwa anakula uchafu, Nerima. Watu walimcheka. Halafu tumbo likaanza kumwenda, mimi nimefagia kila siku, nimempa dawa—"

"Si uchafu! Ni chakula chake! Anakula hivyo kila alfajiri tangu nimpate! Ndilo jambo nililotaka kukwambia!" Alilivuta fundo kwa kucha. Lilikuwa fundo zuri, halikufunguka. "Ungeniacha nimalize, Alaso. Lilikuwa neno moja tu. Ungeniacha nimalize."

Alaso alinyosha mkono amsaidie kulifungua. Karani alipouona mkono huo alirudi nyuma akajibana konani, mdomo ukutani. Nerima aliona. Alaso naye aliona, akarudisha mkono wake.

Mzee Zephaniah alifika akihema, kofia ya kazi mkononi, na Tata Atyang akatoka nyumbani akijifunga kitambaa kichwani. Mzee alikata kamba kwa kisu kidogo. Alimpapasa Karani mgongoni.

"Mama," alimwambia Tata, "sungura ana vinyesi vya namna mbili. Vile vikavu havigusi. Hivi laini vya alfajiri ni chakula ambacho tumbo limekisaga nusu. Anakichukua na kukila tena, ndipo kinapompa nguvu. Ukimnyima hicho, hata umpe shamba zima la viazi, atakonda."

"Kwa hiyo tumbo halikuwa likimwenda?" Alaso aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, mwanangu. Hivyo ndivyo vilivyobaki kwa sababu hakuweza kuvifikia."

Kila asubuhi alifagia chakula cha Karani akakitupa shimoni. Alaso alitazama ule ufagio ulioegemea ukuta, akatamani usiwe wake.

Tata aligeuka akatazama zizini, ambako ng'ombe mzee wa mzee Ekisa, babake Alaso, alikuwa amelala akisogeza taya.

"Alaso, yule anafanya nini?"

"Anacheua, Tata."

"Anacheua nini?"

"Majani aliyokula jana."

"Yametoka wapi?"

"Tumboni."

"Na tangu uzaliwe umewahi kumwona mtu akimfunga mdomo kwa hilo?"

Alaso alitikisa kichwa. Machozi yakaanguka.

"Usilie peke yako," Tata alisema. "Mimi nimeishi na ng'ombe mpaka nimeanza kufanana nao, na bado niliusifu mkono wako badala ya kukuuliza unafunga nini na kwa nini. Tulikuwa wawili tuliojiona tunajua."

Nerima alimweka Karani kwenye kikapu kipya, lakini baba yake aliweka mkono juu ya mfuniko. "Hawezi kusafiri leo. Mtikisiko wa behewa utammaliza. Abaki hapa mpaka apate nguvu."

"Hapa?" Nerima alisema. "Basi na mimi nabaki."

"Mama yako yuko kitandani na malaria, na dada zako wako Funyula. Nani atampikia?"

Nerima alifikiri, akifuta pua kwa mkono wa gauni la dada zake. Kisha akasimama mbele ya Tata Atyang, akampita Alaso kama mtu anayepita kigogo njiani. "Nyanya, nakuachia wewe."

"Macho yangu alfajiri hayatofautishi sungura na sufuria," Tata alisema. "Siku moja ningekuja kumchemsha. Atamwangalia huyu huyu. Yeye ndiye anayejua amemfanyia nini."

Mwishowe Nerima akageuka. Hakutabasamu. Alianza upya, tangu mwanzo: majani yenye umande, maji ya kila siku, kutobebwa kwa masikio. Alisema mambo ambayo Alaso aliyajua na ambayo hakuyajua, yote kwa sauti moja kavu. Aliposema yale ya alfajiri, aliyasema polepole. Alaso alisikiliza mpaka neno la mwisho, na hata lilipokwisha alingoja kidogo, isije ikawa kuna lingine.

"Nimemaliza," Nerima alisema.

Tangu hapo Alaso aliamka mapema kuliko mama yake. Alikaa mbali, mgongo kwenye ghala, ili Karani asimwone mkono. Siku za kwanza Karani hakuinama. Alikuwa amezoea kushindwa. Kisha asubuhi moja alijikunja, akasita, akaingiza kichwa kati ya miguu. Hakuna kilichogonga. Alikaa wima akatafuna, na Alaso kule alikokaa aliziba kinywa chake kwa viganja asipige kelele.

Shule ilipofunguliwa, alinyosha mkono kabla Mwalimu Perez hajafuta tarehe ya jana ubaoni.

"Mwalimu, lile swali la muhula uliopita. Aliyekuwa akila kinyesi ni sungura wa Nerima. Nilimfunga mdomo na nusura afe." Kisha akaeleza yote, na darasa halikucheka. Hata Okiror alikuwa akitazama dawati lake.

Mwalimu Perez alikaa kwenye kiti. "Alaso, uliniuliza nusu ya swali, nami nikakupa jibu zima," alisema. "Ningekufuatilia siku ile. Niliona uso wako." Halafu akasimama akawaambia watoto kwamba yale aliyofundisha kuhusu mikono na minyoo yanabaki vilevile kwao wote, hasa kwa wale aliowaona wakila maembe chooni. Sasa darasa likacheka, na wawili hawakucheka.

Wakati wa mapumziko Okiror alimfuata. "Mimi ndiye niliyeanza kumcheka," alisema. "Mnahitaji majani ya viazi? Kwetu yako mengi." Akaleta mzigo jioni ile ile.

Karani alinenepa. Kola yake ikarudi kuwa nyeupe. Mwewe alipopita, mguu ulipiga sakafu, pu! Tata aliusikia kutoka jikoni, akasema, "Karani amerudi kazini." Jambo moja tu halikurudi. Alaso alinawa mikono kwa sabuni na kwa majani ya limau, akaacha kabisa kusokota katani, akanyosha vidole vyenye chumvi ya maziwa na kungoja hadi mkono ukafa ganzi. Karani alikula alichopewa, akanywa maji aliyowekewa. Vidole hakuviramba tena. Mkono ukimsogelea, aligeuza uso akaubana konani.

Desemba Nerima alikuja na kile kikapu chenye mfuniko. Alimwinua Karani, akampapasa mgongo, akatafuta mifupa asiione. Kwa mara ya kwanza tangu Agosti alimtazama Alaso usoni.

"Umemtunza," alisema.

Waliandamana hadi stesheni, Alaso, Nerima, mzee Zephaniah, na Tata nyuma yao akilalamika kwamba reli siku hizi imesogezwa mbali. Gari la moshi liliposimama, Alaso aliomba amuage Karani. Alinyosha mkono polepole, kiganja juu. Karani alificha mdomo wake chini ya kwapa la Nerima.

"Labda atasahau," Nerima alisema taratibu. "Njoo Tororo likizo ijayo. Ujaribu tena."

"Nitakuja," Alaso alisema. Alipunga mkono mpaka behewa la mwisho likavuka mto wa mpakani. Safari hii gari la moshi lilipiga kelele na hakuna aliyelijibu.

Walirudi kwa miguu, mtoto na nyanya yake. Baada ya muda Tata alisema, "Mnyama hana kinywa cha kutueleza kwa nini anafanya anavyofanya. Kwa hiyo inatubidi tumtazame sana, na tumuulize aliyeishi naye, kabla hatujaanza kumrekebisha. Wewe ulimpenda Karani, hilo sina shaka nalo. Ulimpenda kabla hujamjua, na mikono yako ikatangulia masikio yako. Bidii bila kusikiliza huumiza, Alaso, hata ikizungushiwa kitambaa laini."

"Ndiyo, Tata."

"Vizuri. Sasa nikwambie jinsi babu yako alivyonunua fahali kipofu kule Butula."

Hadithi hiyo Alaso alikuwa ameisikia tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Alimjua yule fahali kwa rangi, na alijua mahali ambapo Tata angecheka. Alifungua kinywa aseme, "Najua."

Akakifunga.

"Ehe," alisema, "halafu ikawaje?"